Chumvi Iliyokwenda Kitulo

Jicho lilipowashwa halikupiga kelele. Lilivuma tu, kama nyuki walio mbali, kisha hewani juu ya meza nyeupe ikatokea picha ya fuwele moja. Fuwele yenyewe ilikuwa ndogo kuliko chembe ya unga wa sembe, lakini picha yake ilikuzwa mpaka ikalingana na nyumba, na mtu aliweza kutembea ndani yake. Dkt. Nyanzobe alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Alivua viatu, akavaa soksi za karatasi, akapita katikati ya atomu zilizopangwa mistari kwa mistari, nyekundu na buluu na kijivu, kama mtu anayekagua mahindi yake baada ya palizi.

Mashine hiyo jina lake kamili lilikuwa Jichofuwele, lakini pale Taasisi ya Fuwele ya Uvinza watu walisema Jicho tu. Kazi yake, ukiieleza bila haraka, ilikuwa hivi. Fuwele ni kitu chochote ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu mmoja usiobadilika: chumvi ni fuwele, sukari ni fuwele, hata barafu ni fuwele. Jicho lilipiga fuwele kwa mwali wa eksirei mwembamba kuliko unywele. Mwali ukagonga zile safu za atomu, ukatawanyika, ukaacha vidoa vya mwanga ukutani. Kwa kuvisoma vile vidoa Jicho likajua kila atomu imekaa wapi na imeshikana mkono na nani. Zamani kazi hiyo ilimmaliza mtu mwaka mzima. Sasa ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Uvinza yenyewe haikuwa tena mji mdogo wa chumvi kando ya mto Malagarasi. Treni zake hazikugusa reli, mapaa yake yalikuwa ya vioo vya kukamata jua, na zile chemchemi za maji ya chumvi zilifunikwa kwa kuba la kioo ili wageni waje kuzitazama. Makarai ya kuchemshia chumvi kwa mkono yalibaki mawili tu, nayo yalikuwa ya maonyesho. Kilicholeta watu mjini siku hizo ni dawa iliyoitwa Legezo.

Legezo ilikuzwa na wakuzi, mashine arobaini zenye mikono mirefu na vidole vya kioo. Hawakukohoa, hawakupiga chafya, hawakuwa na nywele za kudondoka. Walimimina dawa ikiwa maji kwenye trei, wakaipoza taratibu, na kufika alasiri trei nzima ilikuwa imejaa sindano nyeupe, nyembamba, laini kama sufi. Sindano hizo ndizo fuwele za Legezo. Zilikusanywa, zikashindiliwa kuwa vidonge, vikapelekwa kila upande wa nchi na nje ya nchi.

Walioisubiri ni wagonjwa wa mkakamao. Ugonjwa huo unaanzia vidoleni. Mtu anaamka asubuhi, kidole cha mwisho hakikunjiki. Baada ya miezi unafuata mkono, kisha shingo, kisha taya, na mwishoni mbavu. Macho ndiyo hubaki ya mwisho, yanatazama. Legezo haikuuponya, iliuchelewesha tu, kwa vidonge viwili kila siku. Na mtu akikosa dawa kwa muda, alichokipoteza hakirudi hata akianza tena kumeza.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa Machi, kwenye trei ya kumi na saba, katikati ya zile sindano, Nyanzobe aliona kitu kimoja bapa. Kilikuwa na pembe nne zilizokatika sawasawa kama kibao cha kuandikia cha watoto wa chuoni, nacho kinang'aa.

Sasa mtu mwingine angekichukua akakitupa. Lakini watu wa fuwele wana udhaifu wao: fuwele nzuri wanaipenda kama fundi cherehani anavyopenda kitambaa kizuri. Nyanzobe alifungua kifuniko cha trei. Akawaita wenzake, wakaja wanane. Wakakipokezana kile kibao kwenye kipande cha kioo, kila mmoja akikiinua kwenye mwanga. Mmoja akakipuliza kidogo kuondoa unyuzi wa sindano ulionata.

"Miaka yote hii," akasema, "hatujawahi kupata kitu kinachopendeza hivi."

Walikipiga picha, kisha wakaenda kula.

Alasiri Jicho lilileta jibu. Atomu ni zilezile, idadi ileile, ila zimeshikana namna nyingine. Nyanzobe aliwaeleza vijana wa taasisi kwa mfano wa mkeka: ukindu ni uleule, msuko ndio tofauti. Sindano zimesukwa kwa kulegea, kwa hiyo tumbo la mtu linazifumua na dawa inaingia mwilini. Kibao kimesukwa kwa kukaza. Mtu akikimeza, kinapita tumboni kama kijiwe na kutoka kama kilivyoingia.

Kesho yake trei zote arobaini zilitoa vibao.

Jambo hilo lina maelezo mepesi, na wataalamu wa fuwele walilijua tangu zamani ingawa hawakudhani litawafika. Fuwele huiga. Dawa ikiwa bado maji, chembe zake zinahangaika, hazijui zijipange vipi. Ikidondokea humo punje moja iliyokwisha kujipanga, zote huifuata. Na msuko uliokaza zaidi ukishapatikana duniani, ule wa kulegea haurudi tena mahali ambapo punje ya uliokaza imefika. Punje hiyo haionekani kwa macho. Inakaa kwenye unywele, kwenye pindo la koti, kwenye kucha. Wale tisa walitoka na punje hizo pale mezani, wakazipeleka kantini, wakazipeleka majumbani, wakapanda nazo treni. Taasisi ilituma sampuli viwanda vyote vya Legezo kuuliza kama kuna aliyewahi kuona kitu kama hiki, na kila kiwanda kilichofungua bahasha kilipata vibao ndani ya wiki.

Walijenga jengo jipya, la vioo vitupu, wakaingiza wakuzi wapya ambao hawajaguswa. Trei ya kwanza ikatoa vibao. Wakalibomoa.

Ilibaki sehemu moja tu, kituo kidogo kule Kitulo, juu kwenye baridi, ambako hakuna mtu wa Uvinza aliyekuwa amekanyaga tangu mwaka uliopita. Mkuu wake, Dkt. Tweve, aliposikia habari ya kibao alifunga lango siku ileile na bahasha ya Uvinza akaichoma bila kuifungua. Kituo chake kilikuwa na wakuzi watatu. Kilitosheleza wagonjwa elfu mbili na mia moja wa nyanda za juu, basi.

*

Nyumbani kwa Nyanzobe alikuwapo mumewe, Gwasa. Miaka ishirini na saba alikuwa mchemshaji wa chumvi, bingwa wa yale makarai ya mkono, na alipostaafu taasisi ilimpa kazi ya kuwaonyesha wageni namna chumvi ilivyopikwa zamani. Mkakamao ulimwanza miaka mitatu nyuma. Mkono wa kushoto vidole viwili vilikuwa vimefunga kabisa. Wa kulia ulikuwa bado mzima, na kwa mkono huo alipika, alifua, na kuwatania majirani.

"Mama Yusta, umetembelea shamba lako leo?" Ndivyo alivyomsalimia mkewe kila alipotoka kazini.

"Nimetembelea."

"Nyani je?"

"Hakuna nyani."

"Mkulima gani wewe, mahindi ya mwanga, hayaliwi hata na nyani."

Yusta, binti yao wa pekee, alikuwa mwezini mwaka wa nne, akifyatua matofali ya mji unaojengwa huko. Zamu yake ilikuwa imebakiza miezi kumi na moja. Gwasa alikuwa na ombi moja tu duniani, nalo alilisema waziwazi: Yusta akishuka, amkute baba yake anaweza kufungua mdomo akamwita jina.

Kufika Mei, kwenye kabati la jikoni vilikuwa vimebaki vidonge vya siku kumi na saba.

Gwasa hakujua. Wiki ya kwanza Nyanzobe alimwambia kuna hitilafu ndogo kwenye mitambo, na yeye mwenyewe aliamini ni ndogo. Wiki ya tatu alipojua si ndogo, akakuta ameshasema, na kulitengua jambo lile mbele ya mume anayepiga hesabu za miezi ya mwezini kukamshinda. Redioni tangazo lilikuwa ni hilohilo la "hitilafu", kwa sababu wakubwa waliogopa fujo. Watu walijua wanachelewa kupewa dawa, basi.

Jirani yao wa ng'ambo ya barabara, Bi. Sikujua, mtani mkubwa wa Gwasa, alikuwa wa kwanza mtaani kuishiwa. Taya lake lilifunga mwezi wa Mei. Alikuwa akinywa uji kwa mrija. Gwasa bado alimrushia maneno kutoka barazani.

"Bi. Sikujua, leo mbona hunitukani?"

Naye akamwinulia ngumi kwa mbali, akacheka kwa macho.

"Ona," Gwasa akamwambia mkewe. "Mtambo wenu ukipona, huyu mama ndiye apewe wa kwanza. Mtaa umepooza."

Nyanzobe akaingia ndani kukoroga chai isiyohitaji kukorogwa.

Siku mbili baadaye alimpigia Dkt. Tweve kwa simu-sura. Tweve alikuwa mwanafunzi wake zamani. Sura yake ilitokea ukutani, mtu mpole mwenye koti zito la kuzuia punje, nywele na nyusi amezinyoa zote.

"Kamwene, kaka," Nyanzobe akamwamkia kwa salamu ya kwao Tweve.

"Kamwene, dada. Mwalimu wangu. Najua unachotaka kuniambia."

"Sitaki kuja huko."

"Hata ungetaka nisingekufungulia, unisamehe. Ningekuacha getini ukilia."

"Nalijua hilo. Ni mimi niliyekufundisha. Ni mtu mmoja tu, Tweve. Mpaka binti yetu ashuke."

Tweve aliwaza. Alikuwa mtu wa kuwaza mpaka mwisho kabla hajafumbua mdomo.

"Mtu mmoja ni vidonge mia moja na ishirini kila miezi miwili," akasema. "Hivyo navipata kwenye makombo ya trei bila kumpunja mgonjwa wangu. Nitakutumia ndegetume. Lakini sikiliza, dada. Kitakachotoka hapa hakirudi. Ndege akishafika kwako, mchome siku hiyohiyo, kwenye tanuru la taasisi. Ndege wengine ninao. Kiwanda kingine sina."

"Nitamchoma."

"Nambie tena."

"Nitamchoma siku hiyohiyo, Tweve."

*

Ndegetume alifika Jumapili saa tano asubuhi, akashuka uani bila mlio. Alikuwa ndege wa mashine, mweupe, ukubwa wa bata bukini, na kifuani ana mlango mdogo. Ndani mlikuwa na kopo la zamani la majani ya chai, limefungwa kwa kitambaa, na ndani ya kopo, juu ya pamba, vidonge mia moja na ishirini. Nyanzobe alivunja kimoja chini ya lenzi yake ya mkononi. Sindano. Laini, zimelegea. Alikaa kwenye kigoda pale jikoni akalia mpaka akasikia fimbo ya Gwasa inakuja.

"Nini hiki?"

"Dawa yako. Rafiki yangu wa kazi amenitumia."

"Rafiki wa wapi?"

"Wa huko nyanda za juu."

Gwasa aligeuza kopo kwa mkono wake mzima. Lilikuwa na picha ya chui iliyofutika nusu.

"Mtu muungwana huyu," akasema. "Ametoa na kopo lake. Makopo kama haya hayatengenezwi tena."

Ilimpasa Nyanzobe achukue ndege aende naye taasisi. Ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Alimfunga kwa khanga, akafika mlangoni, akafungua. Mtaa mzima ulikuwa nje. Jumapili watu walitoa mikeka na viti, wanasukana, wanacheza bao. Ng'ambo, Bi. Sikujua alikuwa ameketi na kikombe chake na mrija, na binti yake anampangusa kidevu. Macho ya Bi. Sikujua yalikwenda moja kwa moja kwenye furushi lile lenye umbo la ndege.

Nyanzobe akafunga mlango.

Aliwaza kwamba Jumatano linapita gari la taka za taasisi, gari lililofunikwa, linalokusanya kwenye nyumba za watumishi na kwenda moja kwa moja tanuruni. Siku tatu tu. Akamweka ndege nyuma ya mlango wa stoo, akamfunika kwa ile khanga. Jioni Tweve akaandika: Umeshamchoma? Naye akaandika: Tayari.

Hakuwahi kumdanganya Tweve kabla ya hapo. Na Tweve, kwa kuwa kwake ndege alikuwa majivu, hakuona sababu ya kumfuta kwenye orodha ya bawabu, mashine iliyolinda lango la kituo.

Jumanne jioni Nyanzobe alirudi kazini, akavua viatu barazani, akaingia. Gwasa alikuwa jikoni anapanga sahani, uso umechangamka.

"Nyani je?" akauliza.

"Hakuna nyani." Kisha akaiona ile khanga. Ilikuwa juu ya kiti, imekunjwa mara nne, vizuri, kama anavyokunja mtu mwenye mkono mmoja anapojitahidi. "Baba Yusta. Kilichokuwa stoo kiko wapi?"

"Yule ndege? Nimemrudisha kwao."

Nyanzobe akashika ukingo wa meza.

"Kitufe chake nimekitafuta, kumbe kiko chini ya bawa," Gwasa akaendelea. "Kimeandikwa RUDI, kwa herufi kubwa kabisa, hata mimi bila miwani. Saa tatu asubuhi akaondoka. Mtu anakutumia dawa kwa ndege wake, wewe unamfungia stoo siku tatu? Tungeonekana watu gani?"

"Akaondoka mtupu?"

Gwasa alimtazama kama aliyeulizwa kitu cha ajabu.

"Mtupu vipi, Mama Yusta? Kwetu chombo cha watu kinarudishwa mtupu lini? Nimemtilia chumvi. Ile yangu, ya karai la mwisho, niliyokuwa nimeiweka. Nimeifunga kwenye kitambaa, nikaandika na karatasi. Mwandiko umeyumba, lakini unasomeka. Kopo nimelibakiza, kwa sababu dawa imo. Vidonge vikiisha nalo litarudi na kitu chake."

Chumvi ile ilikaa miaka kwenye rafu ya jikoni, mahali ambapo Nyanzobe hutundika koti lake la kazini.

Alikwenda chumbani akafunga mlango, akapiga simu-sura. Tweve alipotokea ukutani alikuwa ameketi, na mbele yake mezani palikuwa na kifurushi cha kitambaa cha maua, bado kimefungwa.

"Nimekikuta hapa saa nane mchana," Tweve akasema. "Bawabu amemtambua ndege wetu, amempitisha milango yote mitatu, amempakua, ameniletea barua mezani. Amefanya kazi yake." Akasoma kile kikaratasi: "'Ahsanteni sana. Hii ni chumvi ya Uvinza, ya mkono wangu mwenyewe. Mimi Gwasa.'"

"Tweve."

"Uliniandikia tayari, dada."

Tweve akakisogeza kifurushi mbali naye.

"Nimezima feni zote," akasema. "Tumeosha. Tunaosha tena. Huenda hakuna kitu humu. Chumvi ni chumvi tu."

"Huenda," Nyanzobe akasema.

Wote wawili walikuwa watu wa fuwele, wakajua neno lile lina thamani gani.

*

Zilipita siku sita. Kila asubuhi Tweve alituma picha ya trei zake, na kila asubuhi zilikuwa sindano. Siku ya tano Nyanzobe alikula wali wote uliokuwa kwenye sahani yake. Siku ya saba picha ilichelewa. Ilipofika, ilikuwa ya trei moja, ya mkuzi wa pili. Katikati ya sindano, pembeni kidogo, palikuwa na kitu bapa chenye pembe nne. Kilipendeza vilevile kama kile cha kwanza.

Tweve alipiga jioni. Alikuwa amevua koti, na sababu ya kulivaa haikuwapo tena.

"Wakuzi wote watatu sasa," akasema. "Ghala lina dawa ya wiki tano. Baada ya hapo hakuna tena, si hapa wala pengine popote. Nimeshaiandikia wizara."

"Umewaandikia kwamba ni mimi?"

"Nimewaandikia kwamba punje imeingia. Wakitaka jina wataniuliza." Akapitisha mkono kwenye kichwa chake kilichonyolewa. "Elfu mbili na mia moja. Mama yangu yumo."

Nyanzobe aliinama mpaka paji la uso likagusa ukuta, pale ilipokuwa picha ya bega la Tweve.

"Laiti ningemwambia," akasema. "Ningemwambia tu kwamba kule ndiko kumebaki. Anaijua hii habari kuliko mimi. Alikuwa akitupa konzi ya chumvi ya jana kwenye karai la leo, anasema chumvi haina akili, inaiga tu, ikimwona mwenzake imeshajua la kufanya. Mfano ninaowapa wanafunzi ni wake. Nilikupa hata wewe. Angemchoma ndege kwa mkono wake mwenyewe."

"Najua."

"Nilimficha kwa kumhurumia."

Nyuma ya Tweve mmoja wa wakuzi aliendelea kuinua trei na kuishusha, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemzima.

"Usimwambie sasa," Tweve akasema. "Itamsaidia nini? Mwambie chumvi imefika. Mwambie tumeila."

"Mmeila?"

"Leo mchana, na viazi. Hakukuwa tena na cha kulinda." Akajaribu kutabasamu, kukamshinda. "Ni chumvi nzuri, dada. Ina punje kubwa."

Ukuta ukarudi kuwa ukuta.

Nyanzobe alipotoka chumbani alimkuta Gwasa barazani, ameketi kwenye mkeka na sinia la karanga mapajani. Mwanga wa jioni ulikuwa bado upo. Ng'ambo ya barabara kiti cha Bi. Sikujua kilikuwa kitupu, maana tangu Ijumaa hakuweza tena kuketi. Pembeni mwa Gwasa lilikuwapo lile kopo la chui, safi, limeoshwa na kukaushwa. Vidonge vilivyobaki alikuwa amevihamishia kwenye kikombe.

Vilikuwa vidonge mia moja na vinne, vya siku hamsini na mbili. Yusta alikuwa amebakiza siku mia tatu na kumi na kitu.

"Ulikuwa unaongea na rafiki yako?" Gwasa akauliza.

"Ndiyo."

"Chumvi wameipata?"

"Wameipata. Wameila leo na viazi."

"Wamesemaje?"

"Wamesema ni nzuri. Ina punje kubwa."

Gwasa akatikisa kichwa taratibu, ameridhika.

"Hiyo ni kazi ya moto mdogo," akasema. "Ukichochea sana inatoka unga. Punje kubwa inataka subira." Akachukua karanga moja, akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akaipasua ganda. Ilimchukua muda. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, ule mzima, kilibaki kimesimama pembeni, hakikukunjwa na vingine. Aliona mkewe anakitazama, akakificha chini ya sinia. "Kimelala tu. Nilikilalia."

"Eeh."

"Safari hii tunawapa karanga. Watu wa baridi wanapenda karanga. Ndege akija, kopo liwe tayari, tusimcheleweshe tena kama mara ile. Kaa umenye na mimi, usisimame hapo kama askari."

Nyanzobe akakunja khanga yake, akaketi. Akachota karanga kwenye sinia. Gwasa alimenya moja, akaidondosha ndani ya kopo, ikalia kwenye bati. Akatafuta nyingine. Mkewe naye akaanza kumenya, lakini akamenya polepole kuliko yeye, ganda moja akiligeuza mara mbili, mara tatu, kopo lisije likajaa mapema.